Njaa ya saa nne

Saa nne kasorobo, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara hubandika karai la mafuta kwenye jiko la mkaa. Sihitaji kutazama saa. Nasikia mafuta yakichachatika yanapopokea bajia ya kwanza, kisha harufu ya kunde, kitunguu na giligilani inavuka barabara, inaingia dukani, inatua juu ya majora ya vitambaa. Kwa miaka kumi na tatu mguu wangu ulikuwa unaondoka wenyewe kwenye cherehani wakati huo. Bajia sita na chatini ya nazi, kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Na hapo nyumbani nilikuwa nimeshakunywa chai saa moja, kwa maandazi matatu.

Wateja wangu wawili wameniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, nimepunguaje. Niliwajibu huku nina pini mdomoni, jibu likawa fupi. Mmoja hakuridhika. Akasema, "Fundi, cha kula nakijua. Niambie njaa unaifanyaje." Nimekaa na swali hilo wiki nzima, maana ndilo lenyewe. Kila mtu anatupa orodha ya vyakula, lakini saa nne ikifika na tumbo likaanza kunguruma, hapo tunaachwa peke yetu.

Nina miaka 45, nashona Ngamiani, hapa Tanga. Kazi yangu ni miili ya watu. Mtu akisimama mlangoni najua kiuno kimeongezeka kabla sijashika futi, na nimejifunza kulinyamazia, namwambia tu, "Hapa tutaacha nafasi kidogo." Mwili wangu mwenyewe sikuupima kwa miaka. Nguo zangu nilikata kwa kukisia, na nyingi zilikuwa madera, na dera halimsemi mtu.

Januari 2024, katikati ya msimu wa sare za shule, kichwa kiliniuma siku tatu mfululizo. Kituo cha afya walinipima presha, wakaniambia nikae nitulie, wakanipima tena: 152 kwa 96. Mizani ilisoma kilo 92. Wakaniandikia dawa. Muuguzi akaniambia, bila ukali wowote, kwamba mwanamke kiuno chake kikipita sentimita 88, yaani kama inchi 35, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari hupanda sana. Usiku ule nilifunga mlango wa chumba, nikachukua futi yangu ya kazini, ile ya njano iliyofutika namba za mwanzo, nikaizungusha. Arobaini na mbili na nusu. Nikasoma mara ya pili, kama ninavyomsomea mteja. Nikaandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa mwisho, bila jina.

Kesho yake nikaacha kula. Ndivyo nilivyoelewa kupungua: asubuhi chai ya rangi bila sukari, mchana tango na kipande cha papai, usiku nalala hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Siku ya tatu mikono ilitetemeka nikitunga uzi kwenye sindano. Siku ya nne mezani kulikuwa na satini, rangi ya damu ya mzee, mita tano, ya mama mmoja aliyekuwa anamwoza binti yake wiki inayofuata. Nikaitandaza bila kuikunja, nikachora kwa chaki, nikakata. Nilipoviweka vipande pamoja nikakuta mbele mbili, zote za upande wa kulia. Kwa asiyeshona niseme hivi: mbele ya gauni la kufunguka ina kulia na kushoto, kama viatu, na satini ina uso na mgongo, huwezi kuigeuza ukajificha. Kosa lile sikuwahi kulifanya tangu nianze kazi. Siku ile nililifanya kwa sababu mkasi ulikuwa kwenye satini na akili ilikuwa kwenye wali.

Nikakilipa kitambaa cha watu, nikafunga duka mapema. Nyumbani nikala wali wa nazi kwenye sufuria, nimesimama, kwa mwiko. Sijui nilikula kiasi gani maana sikupakua.

Nilijichukia kwa usiku ule kwa muda mrefu. Baadaye sana ndipo nikasoma habari za jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, la mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36, vijana wenye afya zao, walijitolea kula kama nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Wakaanza kuota vyakula, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi usiku, wakawa wanalamba sahani. Walikuwa wamechaguliwa kwa sababu ni watu imara. Nilisoma habari ile mara mbili, nikamkumbuka yule mwanamke aliyesimama jikoni na mwiko, nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza.

Februari nilinunua majani ya "kukata tumbo" kwa mtu anayepita dukani kwa duka. Shilingi elfu kumi na tano. Siku tatu nilikuwa mtu wa chooni. Kilo mbili zikaondoka, na wiki haikwisha zikawa zimerudi, maana kilichotoka ni maji, mafuta ya mwili hayatoki kwa njia ile. Wengi tunayanunua. Yaacheni.

Kilichonifumbua macho ni Ramadhani.

Mwaka ule mwezi uliandama Machi. Mwili ni ule ule, tumbo lile lile lililoshindwa kufika saa tano bila bajia. Daku nilikula saa kumi usiku. Siku tatu za mwanzo, saa nne ilipofika njaa ilikuja kama kawaida yake, mate yakanijaa, kichwa kikawa kizito. Siku ya tano ikaja nusu. Wiki ya pili haikuja kabisa. Nilikuwa nashona nguo za Idi mpaka alasiri sina habari na tumbo, na njaa ikaanza kunishika saa kumi na moja, karibu na futuru, wakati ambao zamani haikuwa ikinishika. Halafu mwezi ukaisha, jirani akarudi na karai lake asubuhi, na haikupita wiki njaa ya saa nne ikawa imerudi mahali pake kama mtu aliyekuwa safarini.

Hilo liliniumiza kichwa. Kama njaa ni tumbo tupu, basi mwezi mzima tumbo langu lilikuwa tupu saa nne. Ilikuwa imekwenda wapi?

Binti yangu yuko chuo cha uuguzi. Alipokuja likizo nikamuuliza, naye akakaa juu ya kigoda cha wateja akanieleza kwa subira ambayo mimi sikumfundisha kwayo hesabu. Kuna homoni inaitwa grelini, hutoka hasa kwenye ukuta wa tumbo. Iligunduliwa mwaka 1999 na Wajapani, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao. Hupanda kabla ya zile saa ulizouzoesha mwili kula, inaubisha ubongo hodi, kisha hushuka.

"Hushuka ukishakula," nikasema.

"Hushuka hata usipokula, mama. Itapanda tena karibu na mlo mwingine. Lakini haipandi moja kwa moja tu."

Mimi maisha yangu yote niliamini njaa ni ndoo chini ya bomba: inajaa, inajaa, usipofunga inamwagika. Ndiyo maana nilikuwa naiogopa. Ikianza tu nilikimbilia kuizima kabla haijawa kubwa. Kumbe ni maji ya bahari. Nimezaliwa kwenye mji wa pwani, nimekwenda ufukweni Raskazone tangu nina miaka minne, najua maji hujaa na hupwa kwa saa zake na hakuna anayeyasukuma. Sikuwahi kulifikiria tumbo langu hivyo.

Niseme kitu kimoja kuhusu Ramadhani ile ili nisimpoteze mtu. Sikupungua. Nilimaliza mwezi nina kilo 93. Futari ya kwetu mnaijua: mihogo ya nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, uji wa pilipili manga, kisha saa tatu usiku wali na samaki, kisha daku. Kushinda na njaa kutwa hakukunipunguza hata kidogo, kulinifundisha tu saa za njaa.

Basi Aprili nikaanza upya, safari hii kwa daftari. Saa moja asubuhi nikala chakula cha kushiba, nitakieleza hapo chini. Saa nne, badala ya kunyanyuka, nikachukua chaki yangu ya kukatia nikaandika pembeni ya ukurasa saa njaa iliyokuja na saa iliyoondoka. Jumatatu: imekuja 4:05, kali, imeondoka 4:35. Jumanne: 4:00, kali sana, imeondoka 4:40. Nilikunywa maji bilauri mbili, nikakaa. Kuna watakaosema ni jambo dogo. Kwangu dakika zile thelathini zilikuwa ndefu kuliko kushona shela la bibi harusi, na harufu ya bajia haikuwa inanisaidia. Lakini kila siku iliondoka. Kila siku. Na kuiona kwa macho yangu, imeandikwa kwa mkono wangu, kwamba imeondoka bila mimi kuipa kitu, kulinipa utulivu ambao sikuwahi kuwa nao mbele ya chakula. Wiki ya pili ikawa inakuja dhaifu. Siku ya kumi na nane sikuandika chochote, maana nilinyanyua kichwa kwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, nikasikia adhana ya adhuhuri.

Sasa hicho chakula cha asubuhi. Nilikuwa natoka nyumbani na maandazi matatu na chai ya sukari: unga mweupe, mafuta, sukari. Unga huo na sukari hupita upesi tumboni. Siku hizi nakula bakuli la mbaazi, yai moja au mawili ya kuchemsha, na kama nina hamu ya andazi, nakula moja pembeni. Mbaazi, kunde, maharage, choroko, hivi ndivyo vyakula vilivyonibeba, kwa kuwa vina protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na ndivyo vitu viwili vinavyochelewesha njaa kuliko vingine. Mama zetu walitulea navyo tukaviita chakula cha shida. Mchana, sahani yangu nusu nzima ni mboga: mchicha, matembele, bamia, kisamvu. Robo samaki au dagaa. Robo ugali au wali, na naanza kula mboga na samaki kwanza.

Kiazi mviringo nilikikataza nyumbani kwangu kwa sababu mtu aliniambia kinanenepesha. Kumbe mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichukua vyakula 38, wakawapa watu kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa, wakawauliza kwa saa mbili wanajisikiaje. Kilichoshibisha kuliko vyote ni kiazi cha kuchemsha, zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Kinachonenepesha ni karai la mafuta tunalokitosa. Sasa Jumanne na Alhamisi tunakula viazi vya kuchemsha na mchuzi wa samaki, na watoto hawajalalamika.

Na mafuta. Hapa nikae kidogo, maana ndipo nilipokuwa nikiliwa bila kujua. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori kama 120, na hakiongezi shibe unayoweza kuihisi. Mimi nilikuwa napika kwa kuinamisha dumu. Siku moja nikayamimina mafuta kwanza kwenye kikombe nipime nilichokuwa namimina kwenye mchuzi wa watu watano: vijiko kumi na moja. Sasa ni vitatu, na nimejifunza kukaangia kitunguu kwa moto mdogo na kuongeza maji kidogo kidogo. Nazi sikuiacha. Mtu wa Tanga aache nazi aende wapi? Ninachofanya, nakuna na kukamua kama kawaida, halafu mbaazi za kila siku napikia tui la pili, lile jepesi. Tui zito naliweka kwa Ijumaa. Ijumaa hiyo linakuwa tamu kuliko lilivyokuwa nilipokuwa nalila kila siku.

Lakini kitu kilichonichukua muda kukiona hakikuwa kwenye sahani. Kilikuwa kwenye sufuria, baada ya chakula, wakati wa kuosha vyombo.

Ukoko. Wali ukipaliwa makaa juu ya kifuniko, chini unabaki ukoko mwembamba, wa rangi ya asali, unaochubuka kama ganda la ukuta. Ukiuingiza kijiko pembeni unaachia kipande kizima, kimeshika mafuta ya nazi na chumvi, kinalia mdomoni. Nilikuwa nakula ukoko wote wa sufuria ya nyumba nzima, nimesimama karaini, kila siku, na juu yake vipande vya samaki walivyoacha watoto na nusu chapati ya mdogo. Sikuwahi kuvihesabu kama chakula. Nilikuwa nimeshiba wakati ule, ndilo jambo lenyewe. Sikuwa na njaa hata chembe.

Nimefikiria kwa nini. Mama yangu alinizaa mwaka 1980, akanilea miaka ile ya foleni, sukari kwa kibali, unga wa njano tuliouita unga wa yanga. Kwake kumwaga chakula ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya majirani. Aliniambia punje ya wali ukiiacha itakudai. Basi mimi nikawa pipa la kuokoa chakula, na mwili wangu ndio ulioweka akiba ya njaa ya mama yangu. Hilo nililielewa nikiwa nimeshika kijiko, nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko. Sikumlaumu, alitulisha watu saba kwa kitu ambacho leo nisingejua nianze nacho wapi. Sasa ukoko nauweka kwenye sahani ya mtu anayeutaka, pamoja na mlo, na mabaki yanakwenda kwa kuku wa jirani. Mimi nikitaka ukoko, naupakua pamoja na wali wangu, nakaa, nala.

Njaa ya usiku ilikuwa nyingine kabisa. Mume wangu ni dereva wa malori, safari yake huchukua siku tisa, kumi. Watoto wakilala, kuanzia saa tatu usiku, nilikuwa nafungua na kufunga kabati. Kiswahili kinatusaidia hapa: kuna njaa na kuna uchu. Njia yangu ya kuvitofautisha ni kiporo cha ugali. Najiuliza, kiporo cha ugali na mchicha baridi nitakula? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni njaa, nakula, hata kama ni saa nne usiku. Kama roho inataka kashata tu na si kingine, huo ni uchu, na mara nyingi chini yake kuna upweke. Usiku kama huo nampigia mume wangu. Akiwa nje ya mtandao namwandikia ujumbe mrefu, atausoma akifika Tunduma. Mara nyingine nakula kashata moja na kwenda kulala, na asubuhi sijitesi kwa hilo.

Usingizi pia, na hili mafundi wenzangu lituingie. Wiki ya mwisho kabla ya Idi ya mwaka huu nililala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, nguo zimejaa mpaka juu ya kabati. Njaa ilikuwa bamvua, kutwa nzima maji juu. Nilikula futari kama kawaida, muda si mrefu nikawa nataka tena, tena vitu vya sukari. Mwaka 2004 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana 12 kwa muda wa saa nne tu kila usiku, siku mbili mfululizo: grelini ikapanda kwa asilimia 28, na leptini, homoni inayoupa ubongo habari kwamba akiba ya mwili ipo, ikashuka kwa asilimia 18. Nilipoisoma nikaacha kupokea nguo za Idi baada ya tarehe ishirini ya mfungo. Wateja wawili wamenihama. Sijabadilisha uamuzi.

Watu je? Kilo ya sita ilipoondoka, mama alinitazama mlangoni kwake, mkono kifuani. "Mwanangu, unaumwa? Au ndoa inakutesa?" Kwetu mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, akipungua tunaanza kunong'ona. Shoga yangu mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimepima. Sikukasirika. Mama nilimweleza habari ya presha, nikamwonyesha karatasi ya kituo cha afya. Na bado akapakua sahani iliyojaa. Chakula cha mama hakikataliwi, basi nakula polepole, nasifu mchuzi kwa sababu kweli ni mtamu, namwomba maji, naongea. Nikifika nusu nasema, "Nimeshiba mama, alhamdulillahi," na namwomba anifungie iliyobaki nikale kesho. Kumfungia mtu chakula ni furaha yake, nayo imebaki.

Jambo moja lazima niliandike wazi. Shoga yangu mwingine ana kisukari, anachoma insulini. Aliposikia habari yangu ya kuisubiri njaa mpaka iondoke, naye akajaribu, akachoma sindano akasubiri. Akatetemeka, akatoka jasho, mtoto wake akamkuta anaongea asiyoyaelewa. Wakampa maji ya sukari, akarejea. Ile haikuwa njaa ya saa nne, ile ni sukari iliyoshuka, na inaua. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, mjamzito, anayenyonyesha, msinifuate mpaka mzungumze na daktari wenu. Na wewe ambaye huna chochote kati ya hivyo, ukiona kizunguzungu, kula. Usisubiri saa.

Kilo zilishuka pole, mbili kwa mwezi, mwezi mwingine moja, mwezi mwingine sifuri. Halafu Februari mwaka huu, nikiwa na kilo 80, njaa ilirudi kwa nguvu bila mimi kubadilisha kitu. Mbaazi zile zile, usingizi ule ule. Nilidhani nimeharibu. Binti yangu akanitafutia utafiti wa Australia wa mwaka 2011: watu 50 walipunguzwa kwa wiki kumi, kwa wastani wakapoteza kilo zaidi ya 13, na mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado zimepanda, mwili unadai kilichochukuliwa. Mafuta yakipungua leptini hupungua, na ubongo unaona kama kuna ukame. Nilisoma nikalia, na ilikuwa nafuu. Miaka yote nimeitwa mlafi, na mimi mwenyewe nikajiita hivyo usiku, kumbe nilikuwa nabishana na mwili unaofanya kazi yake ya kuniweka hai. Nikaongeza yai la pili asubuhi na kiazi mchana, nikakubali kukaa pale pale kilo 80 kwa wiki saba. Hazikupanda. Mei zikaanza kushuka tena.

Leo ni 78. Kiuno inchi 36 na nusu. Namba iko kwenye daftari, na sasa ina jina langu. Presha mara ya mwisho ilikuwa 132 kwa 84, na dawa bado nakunywa kama nilivyoandikiwa. Jirani bado anakaanga bajia, na Jumamosi nanunua mbili, naenda kuzila kwenye benchi lake tukiongea.

Wiki iliyopita nilichukua gauni langu la kitenge nililolishona mwaka 2022, nikalivaa, nikaona linanimwaga. Nikaligeuza ndani nje, nikabana pini pande mbili, nikapitisha mshono mpya inchi moja na nusu ndani ya ule wa zamani. Kitambaa kilichobaki ndani fundi hukikata na kukipitisha ovaloki ili gauni likae vizuri. Nilishika mkasi, nikakitazama. Sikukikata. Nimekikunja, nikakishikiza kwa mkono, nikapiga pasi juu yake mpaka kikalala, na Ijumaa nikalivaa.